Kutunza eneo la wazi la mtaa Mbeya: anza na maji, maua baadaye

Kila Septemba, mijakaranda inapoanza kuchanua, napigiwa simu na watu wa kamati za mitaa. Swali ni lile lile: tupande maua gani? Wengine wanauliza ukoka unapatikana wapi, na mawe ya pembeni yapakwe rangi ipi. Wote nawauliza: mvua ikinyesha saa mbili mfululizo, maji yanapita wapi hapo kwenu? Wengi hawajawahi kusimama pale mvua ikinyesha wakatazama.

Mji wetu umekaa miguuni pa milima. Mbeya mjini iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, na Loleza inayotuangalia kwa nyuma inapita mita 2,600. Maji yote ya huko juu yanatafuta njia ya kushuka, na njia hiyo mara nyingi ni lile eneo la wazi ambalo hakuna aliyejenga. Aprili 2024 tope la Mlima Kawetere lilishuka Itezi likafunika nyumba za watu. Nimeona bustani nzuri, zenye mabenchi na maua ya kununua, zikigeuka korongo ndani ya msimu mmoja. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na maji, unapita kwenye miti, moto na taka, na maua nimeyaweka karibu na mwisho.

Ni kwa ajili ya mtaa wenye eneo la wazi la ukubwa wa kiwanja cha mpira au pungufu. Kama uko Iringa, Njombe au Makambako, hatua ni hizi hizi. Tofauti nitazitaja zinapofika.

Uwe na nini kabla ya kuanza

Watu kumi na wawili hivi wanaoweza kutoa nusu siku kila juma kwa miezi mitatu. Wawili kati yao wawe wanakaa jirani kabisa na eneo, maana ndio watakaoona mambo usiku.

Zana: majembe, sululu mbili, mabeleshi, toroli, panga, fyekeo, reki, msumeno wa mkono, kamba ndefu, vigingi kama hamsini, fito tatu zilizonyooka, futi ya fundi. Buti za mpira na glavu nene ni lazima kwa kila anayegusa taka. Usikubali mtu aokote taka kwa mikono mitupu, hata akisema amezoea.

Daftari kubwa la kurasa ngumu, na simu inayopiga picha.

Na muda. Anza Julai au Agosti, ardhi ikiwa kavu. Mvua zetu zinaanza Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Kazi ya mitaro inayoanza Desemba ni kulisha mto udongo uliochimbua mwenyewe.

Hatua ya 1: Barua, ramani na bikoni

Eneo la wazi ni mali ya umma, na msimamizi wake ni halmashauri. Kamati haimiliki hata kichaka. Nenda kwa mtendaji wa mtaa pamoja na mwenyekiti, andikeni barua ya kuomba kutunza eneo, ipite kwa mtendaji wa kata hadi kwa mkurugenzi. Ombeni mambo mawili kwa maandishi: afisa mipangomiji aje awaonyeshe bikoni, yaani alama za mpaka wa eneo, na afisa mazingira aje atembee nanyi.

Kama mto unapita pembeni, kumbuka kuwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Kibanda cha mbao na jiko la chipsi havikai pale, hata kama mwenye kibanda ni mjumbe wa kamati.

Jua pia nani anashika nini, utaokoa miezi. Mitaro ya barabara za mtaa ni ya TARURA. Barabara kuu ya kwenda Tunduma ni ya TANROADS. Tawi lililogusa waya ni la TANESCO, ninyi msiliguse. Kontena la taka na gari lake ni la halmashauri. Moto ni Zimamoto, namba 114. Ziandike ukurasa wa kwanza wa daftari.

Hatua ya 2: Soma alama za maji

Hata kiangazi maji huacha maandishi. Tembea kutoka juu kwenda chini polepole. Tafuta mizizi iliyobaki wazi, mchanga uliojikusanya nyuma ya jiwe, nyasi zilizolala upande mmoja, mifereji midogo ya upana wa vidole. Mfereji wa vidole mwaka huu ni mfereji wa goti mwakani. Chora yote kwenye daftari, hata kwa mkono mbaya, na uweke mshale kila maji yanapoingia na yanapotokea.

Kisha waulize wazee. Bibi mmoja wa jirani alinionyesha kwa fimbo mahali ambapo kijito kilipita kabla hakijafukiwa kwa kifusi. Miaka miwili baadaye maji yalirudi palepale alipoonyesha.

Onyo. Mkiona ufa mrefu kwenye udongo wa juu ya mteremko, miti au nguzo zilizoanza kuinama pamoja, au chemchemi mpya mahali palipokuwa pakavu, msichimbe. Hizo ni dalili za mlima unaojiandaa kuteremka. Toeni taarifa siku hiyo hiyo kwa mtendaji na afisa mazingira, na wenye nyumba chini yake waambiwe wazi. Sehemu nyingi za mkoa wetu zina udongo wa majivu ya volkano, mwepesi, unaokunywa maji mengi na kuwa mzito ghafla. Jembe lako halitausaidia.

Hatua ya 3: Pima na chimba makinga maji

Hii ndiyo hatua yenye kazi zaidi, na ndiyo inayorukwa zaidi. Watu wanachimba kwa macho. Jicho linadanganya kwenye mteremko. Nimewaona mafundi wazoefu wakichimba mtaro unaopanda wakidhani unashuka.

Tengeneza fremu ya A. Chukua fito mbili za mita 2 na kidogo, zifunge pamoja kileleni, tanua miguu iachane mita 2 kamili, kisha funga fito ya tatu kukatiza katikati. Kileleni ning'iniza kamba yenye jiwe, jiwe lishuke chini kupita fito ya kati. Hiyo ni timazi yako.

Sasa ipe usawa. Simamisha fremu, weka alama chini ya kila mguu, na kwa mkaa chora pale kamba inapogusa fito ya kati. Geuza fremu ili kila mguu ukae alama ya mwenzake, chora tena. Katikati ya michoro hiyo miwili ndipo penye usawa. Weka msumari mdogo hapo.

Kwa bustani iliyo juu ya nyumba za watu, sipendi makinga maji, yaani mitaro inayokatiza mteremko, yaliyolala sawa kabisa, kwa sababu yanashikilia maji na kuyashindilia ndani ya mteremko. Yape mwelekeo mdogo. Funga kipande cha mbao cha unene wa sentimita 1 chini ya mguu wa mbele. Kamba ikitulia kwenye msumari, ardhi ya mbele imeshuka sentimita 1 kwa kila mita 2. Maji yatatembea bila kukimbia. Piga kigingi, sogeza fremu, mguu wa nyuma ukae pale ulipokuwa wa mbele, piga kingine, hadi mwisho wa eneo.

Chimba kufuata vigingi, upana wa sentimita 50 na kina kama hicho. Udongo utupe upande wa chini, uushindilie kwa miguu uwe tuta. Mteremko mkali, acha mita 8 hadi 10 kati ya mstari na mstari. Mteremko wa polepole, 15 hadi 20.

Juu ya tuta panda ukoka au nyasi za vetiva mara mvua za kwanza zinapolainisha udongo. Shambani tungetumia majani ya malisho kama mabingobingo au Guatemala, lakini bustanini hayafai. Yanakua kumpita mtu, na hakuna mama atakayepitisha mtoto wake kando ya majani asiyoona ng'ambo yake.

Kosa la kawaida: kuelekeza mwisho wa mtaro kwenye uwanja wa jirani, au kwenye mtaro wa barabara bila kuuliza. Mtaro wa barabara uliopimwa kwa maji ya barabara utafurika ukiuongezea ya bustani. Mwite mtu wa TARURA aone kwanza.

Hatua ya 4: Korongo lililokwisha kuanza

Usilijaze taka. Najua linavutia, shimo liko wazi na kifusi kipo. Mvua ya kwanza itaibeba taka yote hadi kwenye karavati la chini, na nyumba za pale zitaingia maji.

Jenga vizuizi vya mawe kukatiza korongo, kimoja baada ya kingine. Mambo manne ndiyo yanayofanya kizuizi kidumu. Kimo kisizidi goti au kidogo juu yake. Katikati pawe chini kuliko pembeni, ili maji yapite katikati. Ncha zake ziingie ndani ya kingo za korongo angalau nusu mita. Na chini yake, pale maji yanapoangukia, pawe na sakafu ya mawe. Nafasi kati ya vizuizi utaijua hivi: mguu wa kizuizi cha juu uwe usawa mmoja na kichwa cha kile cha chini.

Sisi tuliwahi kusahau jambo la tatu. Tulijenga ukuta mzuri wa mawe, ukaishia kwenye ukingo bila kuingia ndani. Mvua ya Januari iliuzunguka pembeni, ukabaki umesimama peke yake kama kisiwa, na korongo likawa pana mara mbili. Watu wanane walikuwa wamebeba mawe yale kwa siku sita. Iliniuma sana kuwaangalia usoni.

Korongo linalomzidi mtu kimo si kazi ya kamati. Hilo linahitaji mhandisi na gabioni, yaani masanduku ya waya yaliyojazwa mawe.

Hatua ya 5: Kagua kila mti mkubwa

Fanya mwishoni mwa Agosti, kabla ya pepo na mvua. Mpe kila mti namba kwenye daftari. Anzia chini:

- Je, kuna uyoga unaoota kwenye shina au mizizi mikubwa? Ndani kumeoza.
- Je, udongo umepasuka upande wa nyuma wa mti ulioinama? Mizizi inang'oka.
- Gonga shina kwa mgongo wa panga kuzunguka lote. Sauti ya ngoma ina maana kuna uwazi.
- Tazama juu: matawi makavu, matawi yaliyovunjika yakaning'inia, uma wenye ufa.

Mikaratusi iangalie mara mbili. Huangusha matawi makubwa hata siku isiyo na upepo, kwa hiyo benchi au bembea isiwekwe chini yake. Mti wenye hatari hamwukati wenyewe. Andikeni kwa afisa mazingira, mzungushie kamba, wekeni kibao hadi watakapokuja.

Matawi madogo mnayofikia mkiwa mmesimama chini mnaweza kuyakata, kwa mapigo matatu. La kwanza kutoka chini, sentimita 30 hivi kutoka shinani, hadi theluthi ya unene. La pili kutoka juu, mbele kidogo ya lile la kwanza. Tawi litaanguka bila kuchana gome. La tatu ondoa kisiki kilichobaki, ukiacha kile kivimbe cha shingo ya tawi. Ukikata hadi kulala sawa na shina, jeraha halitafunga. Ukiacha kisiki kirefu, kitaoza na kuingiza uozo ndani. Usipake rangi wala oili chafu.

Na tafadhali, acheni kuchoma majani chini ya miti. Gome likiungua kuzunguka, mti umekufa ingawa utaendelea kuwa na majani kwa miezi.

Hatua ya 6: Moto wa kiangazi

Kuanzia Agosti hadi Oktoba milima yetu inawaka, na majivu yanafika hadi kwenye kamba za nguo. Fyeka nyasi za pembeni, kisha palilia hadi udongo mtupu ukanda wa mita 3 au zaidi kuzunguka upande unaopakana na mlima au pori. Nyasi zilizofyekwa zihamishe, zisibaki kwenye ukanda. Katikati ya eneo acha nyasi fupi. Ukipalilia kote, Novemba mvua itakuta udongo uchi.

Mkiona moto, pigeni 114 kwanza, mengine baadaye.

Hatua ya 7: Taka na maji yaliyotuama

Weka siku ya kudumu. Wengi wetu tuna Jumamosi ya mwisho wa mwezi, itumieni, lakini mitaro ya bustani wakati wa masika isafishwe kila juma. Okota kwa koleo au fimbo yenye msumari. Sindano na vyupa weka kwenye ndoo ngumu yenye mfuniko, andika juu yake, mpe bwana afya wa kata. Tairi, makopo na vifuu vipindue au viondoe, mbu huzaliana humo.

Majani makavu si taka. Yarundike kona moja kwa tabaka: majani, mabaki ya mboga kutoka sokoni, samadi kidogo, udongo kidogo, rudia. Nyunyizia maji, geuza kila baada ya majuma matatu. Majani ya mikaratusi na misindano tia machache, yanachelewa kuoza.

Bembea: kagua minyororo, nati na saruji ya miguu kila mwezi. Kikilegea kitu kimoja, ifunge bembea siku hiyo hiyo.

Hatua ya 8: Sasa panda

Subiri ardhi ilowe vizuri, mwishoni mwa Novemba au Desemba. Mwaka wetu wa kwanza miche ililetwa mwishoni mwa Aprili, tukaipanda kwa furaha, 80 yote. Agosti nilihesabu 11. Miche ikiletwa wakati usiofaa, itunzeni kwenye viriba kivulini hadi msimu ufike.

Shimo sentimita 60 kwa 60. Udongo wa juu uweke kando, changanya na samadi iliyooza, rudisha huo kwanza. Toa kiriba, nimeshafukua miche mingi iliyokufa ikiwa bado imevaa nailoni yake. Shina lisizikwe kupita pale lilipokuwa kwenye kiriba. Zungushia fito dhidi ya mbuzi.

Mgrevilea na mjakaranda hufanya vizuri Mbeya. Iringa mvua ni chache zaidi, jipange kumwagilia hadi kiangazi cha pili: chupa ya lita moja na nusu iliyotobolewa kitako, ifukie kando ya mche, ijaze mara mbili kwa juma. Njombe na maeneo ya juu, funika miche michanga kwa nyasi usiku wa Juni na Julai, umande unaoganda kwa baridi huichoma.

Maua pandeni karibu na bomba na karibu na nyumba ya mtu anayeyapenda. Maua ya kamati hayamwagiliwi na mtu.

Hatua ya 9: Daftari

Kila ukaguzi: tarehe, kilichoonekana, picha, aliyepewa kazi, siku aliyomaliza. Barua zote ziandikwe humo, na jina na cheo cha aliyepokea. Halmashauri hupanga bajeti yake kabla ya Julai, kwa hiyo orodha yenu ya mambo makubwa imfikie diwani mapema, ikiwezekana kabla ya Krismasi. Orodha yenye picha za miezi minane inasomwa tofauti na malalamiko ya mdomo.

Matatizo yanayorudi

*Makinga maji yamejaa udongo baada ya mvua mbili.* Chanzo kiko juu ya eneo lenu, pengine shamba lililolimwa kushuka na mteremko. Zoeni udongo, kisha mwendeeni mwenye shamba kwa upole mkiwa na fremu ya A. Mpimieni mistari bure.

*Tuta limebomoka sehemu moja.* Hapo palikuwa chini kuliko kwingine. Lijaze, shindilia, pima tena kwa futi kutoka tuta la jirani.

*Watu wanakatiza juu ya nyasi.* Wameshachagua njia. Iwekeeni mawe bapa iwe njia rasmi, na mengine myapange kuizunguka. Uzio wa miba utaondolewa usiku.

*Nyuki wameingia kwenye shina lenye uwazi.* Msiwachome wala kuwafukiza. Wekeni kamba mita 20 kuzunguka, zuieni watoto, mtafuteni mfugaji nyuki awahamishe jioni.

*Mtu ameanza kumwaga matofali ndani ya eneo.* Piga picha bikoni na matofali vikiwa pamoja, peleka siku hiyo hiyo kwa mtendaji wa mtaa na afisa mipangomiji. Tofali likishapanda kufika dirishani, kesi inakuwa ndefu. Msigombane naye uwanjani.

*Barua haijajibiwa miezi mitatu.* Rudini na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Kama hamkugongesha muhuri, andikeni upya leo, na safari hii msiondoke dirishani kabla hamjaupata.